Barua ya wazi: Udzungwa si maporomoko ya Sanje peke yake

Kwa:
Waziri wa Maliasili na Utalii
Kamishna wa Uhifadhi, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA)
Mkuu wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, Mang'ula

YAH: NJIA ZA MIGUU ZA UDZUNGWA ZISIZOTEMBEWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpenda milima, mkazi wa mkoa wa Morogoro. Sina shahada ya uhifadhi. Ninachokijua kuhusu Udzungwa nimekiokota njiani, na kwenye vibaraza vya Mang'ula, Sanje na Kidatu nikiwa nimejibanza kungoja mvua ipite. Ningeweza kuleta bahasha mapokezi ikagongwa muhuri na kuwekwa kwenye faili, lakini jambo hili linawahusu watu wengi, nami ningependa walisome pamoja nanyi.

Nianze na lile mnalolijua kuliko mimi. Ndani ya hifadhi hii hakuna barabara. Mikumi, jirani yenu, mgeni anaweza kuona twiga kabla hajafunga mkanda vizuri. Udzungwa gari linaishia ofisini Mang'ula au kwenye kituo cha askari, na kuanzia hapo kilomita za mraba 1,990 zote zinaingiwa kwa mguu. Imekuwa hivyo tangu hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1992, na naomba ibaki hivyo. Ila likikubalika hilo, linafuata jingine: njia ya mguu hapa ndiyo miundombinu yenyewe. Serengeti ikipoteza barabara moja kwa mafuriko, katapila linapelekwa. Udzungwa njia ikizibwa na miti iliyoanguka na mianzi, kipande kizima cha hifadhi kimefungwa, na hakuna mtu aliyetia saini kukifunga.

Hivyo ndivyo tulivyofika hapa tulipo, ambapo ukimtajia Mtanzania Udzungwa atakujibu Sanje. Sina neno baya la kusema juu ya Sanje. Maporomoko yanashuka mita 170 kwa hatua tatu, kuna dimbwi la kuoga, na ukiwa juu unaliona bonde la Kilombero na mashamba ya miwa yamenyooka hadi macho yanachoka. Ni matembezi ya nusu siku, mwanafunzi wa sekondari anayaweza, mama mwenye umri wangu anayaweza akipewa fimbo. Kwa mtu wa mara ya kwanza sioni pengine pa kumpeleka. Tatizo ni kwamba na wa mara ya pili anapelekwa palepale, na wa mara ya tatu. Wikiendi za ukame mabasi ya shule yanapishana na vikundi vinavyotoka Dar es Salaam, kila mtu anangoja zamu ya picha kwenye jiwe lilelile. Wakala mmoja wa utalii niliyemuuliza kama ana safari nyingine Udzungwa alinitazama kwa huruma. "Kwani kuna nini kingine kule?" akaniuliza.

Kuna njia ya Mwanihana. Ni kama kilomita 38, siku tatu za kutembea na kulala porini mara mbili, hadi kwenye kilele kilichopita mita 2,000. Mnaanzia chini kwenye joto la Kilombero, na kabla ya saa tatu asubuhi shati limeshagandamana na mgongo. Miti ya huku chini ni mirefu hata huwezi kuona ilipoishia. Mbega wekundu, wale wenye kofia ya manyoya mekundu kichwani wasiopatikana popote duniani nje ya milima hii na misitu ya jirani, hawakimbii mara wakiwaona. Wanakaa tawini wanawakagua, mmoja anakohoa, kisha kundi zima linaondoka kwa kishindo cha majani. Muongozaji anatembea mbele na panga, na kila baada ya muda anasimama ghafla, anainua mkono: siafu wanakatiza njia. Wote mnaruka mmoja mmoja, mnapiga miguu chini, na bado kuna atakayevua suruali mbele za watu dakika mbili baadaye.

Halafu, bila mtu kutangaza, hewa inageuka. Tuta moja, tuta la pili, joto limebaki nyuma. Miti imepungua urefu, mashina yamelowa na kufunikwa na kijani, ukungu unapita katikati yake na sauti zinasikika kutoka mbali kuliko zilivyo. Jioni kambini mtu aliyekuwa akilalamikia jua anauliza nani ana sweta la ziada.

Kinachonifanya niitaje Mwanihana kwanza ni msitu wenyewe. Unaanza karibu na mita 300 juu ya usawa wa bahari na haukatiki hadi kupita mita 2,000. Afrika Mashariki yote, mahali ambapo msitu umebaki mzima namna hiyo kutoka bondeni hadi juu ni pa kuhesabika. Nendeni Uluguru, juu ya mji ninaokaa: msitu wa chini ulishalimwa zamani, uliobaki ni ule wa kileleni. Usambara nako chini ni mashamba. Kwa hiyo anayepanda Mwanihana anakiona kwa siku mbili kitu ambacho sehemu nyingine za Tao la Mashariki, safu ya milima ambayo Udzungwa, Uluguru na Usambara ni sehemu yake, wamebaki kukisoma kwenye ripoti. Na njia hii hii, waheshimiwa, Watanzania wengi hawajawahi hata kuisikia jina.

Kuna mzunguko wa Kambi ya Tatu, kama kilomita 13, unaomfaa mtu mwenye siku moja na miguu yenye subira, hasa kama anapenda ndege. Kuna Sonjo, fupi, na maporomoko yake mawili ambayo siku nyingi unayapata peke yako. Kuna njia ya Lumemo, kama kilomita 65 na siku tano, ambayo ni ya watu waliojipanga kwelikweli, kwa kuwa huko tembo na nyati ndio wenye nyumba. Mto Lumemo watu wa Ifakara wanaujua kwa mafuriko yake. Unashuka na kuingia mjini, unawatoa vyumbani na magodoro kichwani. Wangapi kati yao wameona unakotoka? Ningekuwa mwalimu wa jiografia Ifakara ningeanzia hapo.

Na kuna upande wa magharibi, ambao naona umesahauliwa kuliko zote. Kila siku mabasi ya Iringa, Mbeya, Songea na Tunduma yanapita bonde la mibuyu kando ya Ruaha Mkuu, yanasimama Ruaha Mbuyuni, abiria wananunua vitunguu kupitia dirishani, wanaangalia milima iliyo mbele yao, wanarudi kwenye simu. Kilomita kumi hivi kutoka barabara hiyo kuna kituo cha askari cha Msosa. Mbele zaidi, ukiachia barabara kuu Ilula, kwenye nyanya, kuna njia ya kwenda Udekwa, wilaya ya Kilolo. Hayo ni malango ya Udzungwa. Huku mvua ya Bahari ya Hindi imeshaishia upande wa pili, kwa hiyo unaanza kwenye mibuyu na vichaka vya ukame kabla ya kuingia msituni juu. Mtu anayeshuka upande wa Mang'ula baada ya kuingilia huku ameona nchi mbili. Lakini sijaona kibao kimoja barabara kuu chenye ukubwa wa kusomeka kutoka kwenye basi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae chini kuandika.

Mwaka 1979 watafiti wawili wakiwa Sanje walisikia mlio wa nyani ambao haukulingana na nyani yeyote waliyemtarajia huku. Mtu wa hapa aliyekuwa akiwaongoza hakushangaa hata kidogo. Alikuwa anamjua mnyama huyo, na watu wa kijiji walikuwa wanamjua. Leo vitabu vya sayansi vinamwita kwa jina la Sanje, na hapatikani popote ila kwenye milima hii. Mwaka 1991, upande wa magharibi kwenye msitu wa Ndundulu, watafiti wengine waliona miguu ya ndege kwenye sufuria ya chakula ambayo haikufanana na ya kuku wala kanga. Ndivyo kwale wa Udzungwa alivyoingia kwenye maandishi ya dunia: kwa kupikwa. Mwaka 2004 msitu huohuo ukatoa kipunji, nyani aliyekuwa ameonekana mwaka mmoja kabla huko Rungwe, na mwaka 2008 akaandikwa sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, mkubwa kuliko sange wote waliokuwa wakijulikana. Habari hizi huwa zinasimuliwa kama habari za wagunduzi. Mimi nikizisoma naona mtu wa kijiji amesimama pembeni ya kila moja, anajua kitu ambacho hajaulizwa.

Mtu huyo tunampoteza. Hadi mwaka 2011 wanakijiji wa upande wa mashariki waliruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa wiki kuokota kuni zilizokauka. Mwaka huo ruhusa ikasimamishwa. Sileti hapa mjadala wa kuni. Misitu ya chini ilikuwa inachoka na nakubali kwamba kitu lazima kingefanyika, ingawa huwa najiuliza mkaa unaopikia Mang'ula sasa unatoka msitu wa nani. Ninachokisema ni kingine. Wale kinamama waliokuwa wakiingia kila wiki walikuwa ndio maktaba ya vijia vya milima hii.

Niliwahi kukaa na mmoja wao akipepeta mchele. Nilimuuliza habari za juu. Hakuacha kupepeta. Alikuwa ananionyesha kwa kidevu: pale kwenye mwinuko mweusi kuna kijito, ukikivuka kuna mwamba wa kupumzikia, ukikaa pale unaliona treni la TAZARA likitoka kwenye miwa, usifuate mkono wa kushoto, kuna utelezi, alianguka mwenzetu, juu zaidi kuna mti ambao tembo wanajikuna, gome limeng'aa. Ungo unapanda na kushuka, makapi yanaruka, na mlima mzima unasomwa. Mjukuu wake alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za Mombasa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2011 sasa yuko sekondari, na safari yake pekee ndani ya hifadhi inayoanzia nyuma ya choo cha kwao ni ile ya darasa, kwenda Sanje.

Hamuwezi kuilinda milima hii miaka mingine 30 na majirani ambao hawajawahi kuikanyaga. Tembo akishuka kula mpunga, mwanakijiji anayemjua mlima kwa uzuri wake atakasirika, na bado atakuwa na sababu ya kuvumilia. Asiyeujua anabaki na hasara peke yake. Na nisiwe mchoyo wa sifa: kwa tembo hao mmefanya mengi mazuri pamoja na wadau. Mizinga ya nyuki imetundikwa kwenye mipaka ya mashamba Mang'ula, na barabara ya Kidatu hadi Ifakara ilipojengwa tembo walitengenezewa pa kupita chini yake ili wavuke kwenda na kurudi Hifadhi ya Nyerere. Nilifurahi sana. Nikajiuliza tu kwa utani, kama mwenye uzito wa tani tano kapata njia yake, mimi mwenye kilo 70 nimekosea wapi.

Barabara hiyo, kilomita 66.9 za lami, imeondoa kisingizio kikubwa. Zamani safari ya kutoka Kidatu ilikuwa inamaliza hamu ya mtu kabla hajafika getini. Mvua ikinyesha, ndiyo basi tena. Sasa mtu anatoka Dar es Salaam alfajiri, mchana yuko Mang'ula anakula wali na samaki. Mwenye muda anaweza kuja kwa TAZARA, reli ipo miguuni mwa mlima na kituo cha Mang'ula kipo. Wageni wataongezeka, mtake msitake. Swali ni kama wote tutawapanga kwenye lile jiwe la Sanje.

Najua jibu la kwanza litakuwa fedha. Mradi wa REGROW, uliokuwa uinue utalii wa kusini kwa dola milioni 150 za Benki ya Dunia, uliitaja Udzungwa pamoja na Ruaha, Mikumi na Nyerere. Mwaka 2024 benki ikasitisha fedha, kisha mradi ukafutwa. Pigo hilo naliona. Lakini tukumbuke mazungumzo makubwa ya mradi ule yalikuwa ya barabara, viwanja vya ndege na majengo. Njia ya mguu haina haja ya mkopo wa nje. Inahitaji panga, jembe, msumeno wa kukatia gogo lililolala katikati ya njia, mawe ya kupangwa kwenye utelezi, mitaro midogo ya kupindisha maji yasifanye njia kuwa mto, na posho ya watu wa kuyafanya hayo kila mwaka baada ya masika. Watu hao wako nje ya geti. Kinamama waliokuwa wakiokota kuni wangali na nguvu, vijana wa bodaboda wanaopiga soga kijiweni wapo. Kipeni kila kijiji kilomita zake kwa mkataba: Sanje hizi, Mang'ula hizi, Msosa zile. Kila Juni zikaguliwe, kilichofanyika kilipwe. Msitu utapata macho mengi kwa bei ndogo, maana mtu anayefyeka njia ndiye wa kwanza kuona mtego wa nyaya uliotegwa jana. Njia isiyotembewa na watalii, waheshimiwa, mara nyingi inatembewa na mtu mwingine.

Na katika kazi hiyo naomba mwandike majina. Maporomoko yaliyo karibu na ofisi yamepewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, aliyefika kwenye uzinduzi wa hifadhi mwaka 1992. Sina ugomvi na marehemu. Ila yule mama wa ungo alinitajia vijito vinne na miamba miwili ambavyo sijaviona kwenye ramani yoyote, na hakuna aliyemfuata na daftari.

Jibu la pili litakuwa usalama, na hili silichukulii kwa mzaha. Udzungwa si bustani. Nyati wapo, tembo wapo, chui yupo, mvua inakuja bila hodi na ukungu unaweza kukufanya uzunguke kilima kimoja nusu siku. Sitaki mtu aingie peke yake. Sharti la muongozaji liendelee, na kwenye njia ndefu askari mwenye silaha aendelee kuwepo. Kinachotushinda wengi wetu ni hesabu ya gharama. Kiingilio cha Mtanzania hakijawahi kumtisha mtu mwenye nia. Ukiongeza muongozaji, askari, kambi, wapagazi na chakula kwa siku tatu, halafu uko mwenyewe au na rafiki mmoja, mfuko unakataa. Mkiwa watu kumi, gharama ileile ya askari mmoja inagawanyika na mnacheka.

Kwa hiyo ombi langu kubwa kuliko yote ni hili, na halihitaji hata saruji: pangeni safari za pamoja. Mtangaze mapema kwamba Ijumaa fulani ya Julai kundi litaondoka Mang'ula kwenda Mwanihana, nafasi kumi, bei hii, vitu vya kubeba ni hivi. Mtu mmoja mmoja ajiandikishe. Ikijaa, imefungwa, ngojeni Agosti. Mfanye hivyo kwa Mwanihana kila mwezi kuanzia Juni hadi Oktoba, na kwa Lumemo angalau mara moja kwa mwaka. Mtakuwa mmetatua gharama, mmetatua usalama, na mmejiwekea kikomo cha watu bila kugombana na yeyote.

Kikomo hicho nakitaka hata mimi. Wapo wenzangu wanaoniambia ninyamaze, kwamba njia zilizofichika zina utamu wake kwa sababu zimefichika, na nikizitangaza zitajaa chupa za maji na spika za muziki. Wana hoja nusu. Sanje yenyewe ni ushahidi wa kinachotokea watu wote wakisukumwa mahali pamoja. Dawa ni kuwatawanya, na kuwatawanya kwa idadi. Mbona Kilimanjaro mnafanya? Kuna Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, hata Umbwe ambayo ni kali na watu wake ni wachache, na bado ipo kwenye orodha na ina kambi zake. Asiye na uwezo au muda wa kufika kilele cha Uhuru anapewa safari ya siku moja hadi Mandara na kreta ya Maundi, anarudi ameridhika. Hakuna anayesema mlima ule una njia moja. Ujuzi huo mnao ndani ya shirika moja, haukupaswa kuishia Moshi.

Yapo pia maeneo ambayo yafungwe kabisa. Misitu ya juu huko Luhombero na mipakani na Ndundulu, ambako wanyama wachache walionusurika hawana pengine pa kwenda, waachiwe watafiti na askari. Sehemu za matambiko ambazo wazee wanaziheshimu zisiwekwe kwenye ramani ya mtalii bila wao kuulizwa. Nikipanda milima sina haja ya kufika kila mahali, na mtu anayedhani anayo haja hiyo asipewe nafasi kati ya zile kumi.

Taarifa ni jambo dogo lakini linaudhi. Nilipokuwa nikitafuta habari za Lumemo kwa mara ya kwanza nilizipata kwa Kiingereza, kwenye kitabu cha wageni cha miaka mingi iliyopita. Wekeni ubao mmoja Mang'ula na taarifa hiyohiyo mtandaoni, kwa Kiswahili: njia gani iko wazi, ilisafishwa lini, saa ngapi za kutembea kwa mtu wa kawaida (siyo kwa askari wenu, ambao wanapanda kama mbuzi), maji yanapatikana wapi, jumla ya gharama bila mafumbo, na ukiumia unapelekwa wapi. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ipo Ifakara; mtu akijua mpango wa kumshusha hadi kule ataingia msituni akiwa na amani, na mama yake nyumbani pia. Njia ikiwa imefungwa, andikeni imefungwa. Hakuna aibu. Kinachochosha ni mtu kusafiri na mkoba mgongoni ili aje kuambiwa getini.

Kwa upande wa waongozaji, msiishie kuajiri vijana wenye vyeti vya utalii kutoka mijini, ingawa nao wana nafasi yao. Mfundisheni huduma ya kwanza na majina ya Kilatini kijana wa Msosa ambaye babu yake alikuwa mrina asali mlimani. Atayajua kwa miezi. Wa mjini kujifunza kusikiliza mlima kutamchukua miaka, kama atakaa.

Magharibi sitegemei miujiza ya haraka. Nianze na kibao. Kibao kimoja kikubwa Ruaha Mbuyuni chenye mshale, na kingine Ilula, vinavyosema Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iko huku. Basi likisimama kwa ajili ya vitunguu, watu hamsini watasoma. Ikifuata njia ya siku moja kutoka Msosa, hata ya kilomita nane tu hadi mahali penye mandhari ya mto na mibuyu, wenye magari binafsi wanaokwenda Iringa na Mbeya wataanza kuchepuka. Na Kilolo, ambayo ina sehemu kubwa ya hifadhi hii lakini jina lake halisikiki kwenye utalii, itapata cha kwake.

Masika yakiisha, wiki za mwanzo za Juni, naomba ofisi ya Mang'ula iwaite wenyeviti wa vijiji vitatu au vinne, itenge fungu la kusafisha Mwanihana peke yake, na itangaze kundi la kwanza la Julai. Ikishindikana tutajua imeshindikana kwa sababu gani, na hasara itakuwa ya msimu mmoja. Ikiwezekana, Lumemo na Msosa zitafuata mwaka ujao. Kwenye orodha ya Julai niandikieni nafasi moja, nitalipa siku mtakayofungua daftari, na mama wa ungo amesema mjukuu wake naye aandikwe, ila ada yake tujadiliane.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtembea milima,
Morogoro